Mali Bila Daftari: Venezuela Ilivyotoka Kwenye Neema Hadi Njaa



Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na kwenye vikao vya kamati ya fedha ya parokia. Katika makala hii tunaitumia kusoma habari za nchi nzima, Venezuela, iliyoko kaskazini mwa Amerika ya Kusini.

Tumeichagua Venezuela kwa sababu habari zake zinashangaza. Akiba yake ya mafuta ardhini inakadiriwa kuwa zaidi ya mapipa bilioni 300, na hakuna nchi nyingine duniani inayotajwa kuwa na akiba kubwa kuliko hiyo. Lakini ni nchi hiyo hiyo ambayo, katika miaka kumi hivi, zaidi ya watu wake milioni 7 wameihama, wengi wao wakitafuta chakula, dawa na kazi. Haikuvamiwa na jirani wala haikupigwa na ukame wa miaka saba. Ilikuwaje basi?

1. Namna ya kuuliza swali

Swali hili lina majibu mawili ya haraka, na kila moja lina watetezi wake. Wa kwanza wanasema: ni siasa za ujamaa zilizoiua Venezuela. Wa pili wanasema: ni vikwazo vya Marekani. Kila upande huanza kuhesabu miaka pale panapoufaa.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa mapema kwamba kutangulia si kusababisha. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si jogoo anayelileta jua. Tunafundishwa pia kwamba jambo moja laweza kuwa na visababishi vingi vya ngazi tofauti. Nyumba ikianguka siku ya upepo mkali, upepo una lawama yake; lakini fundi mwenye akili hukagua pia nguzo, aone mchwa walianza kuzila lini. Basi tukague nguzo kwanza, halafu tuuzungumzie upepo.

2. Nchi ya kahawa yapata mafuta

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Venezuela ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji. Iliishi kwa kuuza kakao, kahawa na mazao ya mifugo. Mwaka 1914 kisima cha Zumaque I, karibu na ziwa Maracaibo, kilianza kutoa mafuta ya biashara. Desemba 1922 kisima kingine huko Cabimas kilifumuka, mafuta yakaruka angani kwa siku tisa, yakikadiriwa kufikia mapipa 100,000 kwa siku. Kabla ya muongo huo kwisha, Venezuela ilikuwa inauza mafuta nje kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Hapo lilianza tatizo ambalo halikuonekana kuwa tatizo. Fedha za kigeni zilipofurika, sarafu ya nchi, bolívar, ilipata nguvu sana. Sarafu ikiwa na nguvu kiasi hicho, bidhaa za nje huwa rahisi kununua, na zile za mkulima wa ndani huonekana ghali. Mkulima wa kahawa aliyeuza gunia lile lile kwa dola zile zile alipata bolívar chache zaidi mkononi. Mwishowe alilitupa jembe akaenda mjini. Wanauchumi wanaiita hali hii ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu Uholanzi nayo iliugua hivyo baada ya kugundua gesi nyingi huko Groningen mwaka 1959. Venezuela ilikuwa imeugua miongo kadhaa kabla ugonjwa haujapewa jina.

Wapo walioiona hatari. Mwaka 1936 mwandishi Arturo Uslar Pietri aliandika makala gazetini akiwahimiza wenzake kuyapanda mafuta. Hoja yake ilikuwa rahisi: fedha ya mafuta ipelekwe kwenye kilimo, viwanda na elimu, ili siku visima vitakapochoka pawe na kitu kingine kilichoota. Alikuwa ameiona tofauti ambayo wengi hawakuiona. Shamba huvunwa mwaka huu na likavunwa tena mwakani, lakini pipa la mafuta likishauzwa limekwenda. Kuuza mafuta kunafanana na kuuza kiwanja cha urithi kuliko kuuza mavuno. Anayeuza kiwanja akala fedha yote hajapata pato. Amepunguza mtaji tu, ingawa siku ya kupokea fedha anajiona tajiri.

3. Miaka ya neema

Tusiseme kwamba hakuna chema kilichofanyika. Mwaka 1957, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Marcos Pérez Jiménez, Askofu Mkuu wa Caracas, Rafael Arias Blanco, alitoa barua ya kichungaji siku ya Mei Mosi akieleza hali ngumu ya wafanyakazi katikati ya utajiri wa taifa. Barua hiyo ilisomwa makanisani na iliamsha dhamiri za wengi. Januari 1958 utawala huo uliangushwa, na Venezuela ikaanza miaka arobaini ya serikali za kuchaguliwa kwa kura, wakati nchi nyingi jirani zilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Barabara zilijengwa, vyuo vikuu vikapanuka. Mwaka 1961 Shirika la Afya Duniani lilitambua kwamba Venezuela imeitokomeza malaria katika sehemu kubwa ya maeneo yaliyosumbuliwa nayo. Kwetu sisi tunaolala chini ya vyandarua, hilo si jambo dogo. Watu kutoka Hispania, Italia, Ureno na Kolombia walihamia huko kutafuta maisha.

Mwaka 1960 Venezuela ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoanzisha OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, na mmoja wa waasisi wakuu alikuwa waziri wake, Juan Pablo Pérez Alfonzo. Halafu vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973 vilipandisha bei ya mafuta karibu mara nne ndani ya miezi michache. Kwetu Afrika Mashariki kupanda huko kulikuwa pigo. Kwa Venezuela kulikuwa mvua ya dhahabu. Rais Carlos Andrés Pérez alizungumzia taifa kubwa linalokuja. Mafuta yalitaifishwa tarehe 1 Januari 1976 na kampuni ya taifa ya PDVSA ikaanza kazi. Ndege ya Concorde ilitua Caracas ikitokea Paris. Watu wa tabaka la kati walikwenda Miami kufanya manunuzi, na usemi wao ukawa maarufu: ni rahisi, nipe viwili.

Katikati ya sherehe hiyo, Pérez Alfonzo, yule yule mwasisi wa OPEC, aliyaita mafuta kinyesi cha shetani. Aliona taifa linazama katika fedha ambayo halikuitolea jasho. Nchi yenye mapato makubwa kiasi kile ilikuwa bado inakopa nje! Waliokopesha walitazama visima, na waliokopa nao walitazama visima. Wote walidhani bei iliyopanda haitashuka.

Kuna jambo jingine hapa, na tunaliona ndilo mzizi wa yote. Serikali inayoishi kwa kodi ya wananchi hulazimika kuwasikiliza, maana ndio wanaoilisha. Mwananchi aliyelipa kodi huuliza: fedha yangu imekwenda wapi? Serikali inayoishi kwa kisima cha mafuta haimhitaji mwananchi kwa namna hiyo, na mwananchi naye hajisikii kuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hakuchangia. Anageuka kuwa mwombaji anayengoja mgao. Siasa inakuwa mashindano ya nani atagawa zaidi. Daftari linabaki wazi mezani, lakini hakuna anayelisoma.

4. Ijumaa Nyeusi

Bei ya mafuta ilianza kushuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, madeni yakabaki pale pale. Ijumaa tarehe 18 Februari 1983 serikali ililazimika kushusha thamani ya bolívar, iliyokuwa kwa miaka mingi bolívar 4.30 kwa dola moja. Wavenezuela wanaiita siku hiyo Ijumaa Nyeusi. Walilala na akiba, wakaamka na nusu ya akiba.

Miaka sita baadaye Carlos Andrés Pérez alirudi madarakani. Wengi walimchagua wakikumbuka neema ya miaka ya 1970, lakini ghala lilikuwa tupu. Wiki chache baada ya kuapishwa alitangaza masharti ya kubana matumizi, ikiwemo kupandisha bei ya petroli. Tarehe 27 Februari 1989 nauli za mabasi zilipanda ghafla, ghasia zikalipuka katika miji mingi, maduka yakaporwa, na jeshi likaitwa mitaani. Mamia ya watu waliuawa. Tukio hilo linaitwa Caracazo.

Tukio hili lina funzo la maadili ya jamii. Ni kweli hesabu zilihitaji kurekebishwa. Lakini waliokula karamu ya miaka ya 1970 hawakuwa wale waliopandishiwa nauli mwaka 1989. Mzigo ulitupwa kwa waliokaa mabondeni na kwenye vilima vya Caracas, bila kuelezwa na bila kuandaliwa. Imani ya watu kwa vyama vya zamani ilikatika. Katika pengo hilo aliingia luteni kanali mmoja wa jeshi, Hugo Chávez, aliyejaribu kuipindua serikali Februari 1992, akafungwa, akaachiwa, kisha akashinda uchaguzi wa Desemba 1998. Anayetaka kumwelewa Chávez asianzie mwaka 1998. Aanzie kwenye nauli ya basi.

5. Neema ya pili

Chávez aliingia madarakani wakati pipa la mafuta liliuzwa kwa takriban dola 10. Miaka kumi baadaye, Julai 2008, bei ilivuka dola 140. Neema ilikuwa imerudi, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Haki itendeke: sehemu ya fedha hiyo iliwafikia maskini. Zahanati zilifunguliwa katika vitongoji ambavyo havikuwahi kumwona daktari, watu wazima walifundishwa kusoma, na kwa takwimu za tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Amerika ya Kusini, idadi ya maskini ilishuka kutoka karibu nusu ya watu wote mwaka 1999 hadi karibu robo mwaka 2012. Mkristo hawezi kulidharau jambo hilo. Swali letu ni lingine: je, ngazi waliyopandishwa nayo maskini iliegemezwa wapi? Iliegemezwa kwenye bei ya mafuta. Tuangalie kilichotokea kwenye nguzo zenyewe.

Nguzo ya kwanza ni akiba. Mwaka 1998 ulikuwa umeanzishwa mfuko wa kuweka fedha wakati bei iko juu, ili zitumike bei ikishuka. Ndani ya miaka michache mfuko huo ulichotwa karibu wote. Mwaka 2005 ulianzishwa mfuko mwingine, FONDEN, uliopokea mabilioni ya dola, lakini matumizi yake yalipita nje ya bajeti iliyojadiliwa bungeni. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa wachovyaji hawakuonekana.

Nguzo ya pili ni ujuzi. Desemba 2002 ulianza mgomo mkubwa katika PDVSA, ambao waandaaji wake walitaka Chávez aondoke. Mgomo huo uliiumiza nchi, na waliouitisha wana lawama yao. Lakini ulipokwisha, karibu wafanyakazi 18,000 walifukuzwa, wakiwemo wahandisi na wataalamu waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi. Mafuta mengi ya Venezuela, hasa ya bonde la Orinoco, ni mazito kama lami. Kuyatoa na kuyasafisha kunahitaji mitambo na wataalamu. Kampuni ikapewa pia kazi zisizo zake, hata kuagiza chakula. Mwaka 2010 maelfu ya tani za chakula kilichoagizwa na tawi lake yalikutwa yameoza kwenye makontena bandarini. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku mwishoni mwa miaka ya 1990 ulishuka mwaka hadi mwaka, hata katikati ya mwaka 2020 haukufika mapipa 500,000.

Nguzo ya tatu ni bei. Mwaka 2003 serikali ilipanga bei za vyakula na ikachukua mamlaka yote ya kugawa dola. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mnyonge. Chukua mfano wa unga wa mahindi, ambao Wavenezuela huutengenezea mkate wao wa kila siku uitwao arepa. Bei ya unga ikipangwa chini ya gharama ya kulima na kusaga, mkulima anapata hasara kwa kila gunia. Anaacha kulima, au anauza kwa mlango wa nyuma. Duka linabaki na bei nzuri ukutani na rafu tupu. Foleni zikaja, na walanguzi wakaja nyuma ya foleni. Wavenezuela waliwaita bachaqueros, kutokana na jina la siafu wakubwa wanaobeba mizigo kwa mstari. Wazazi wetu waliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa Tanzania hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwenye dola mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka 2014, dola ya mtaani ilikuwa inauzwa zaidi ya mara kumi ya ile ya bei ya chini ya serikali. Tufikiri kidogo. Mfanyabiashara mwenye kibali alipewa dola kwa bei ya chini ili alete dawa. Kama angeleta dawa, angeuza kwa bei iliyopangwa. Kama angeiuza dola yenyewe mtaani, angepata mara kumi bila kutoa jasho. Utaratibu wa namna hii humwadhibu mwaminifu na kumtajirisha mwongo. Ni kweli kila mtu ana hiari, na dhambi ni ya aliyeitenda. Lakini sheria inayofanya uaminifu kuwa hasara ya kila siku ni mfano wa yale ambayo Mtakatifu Yohane Paulo II aliyaita miundo ya dhambi.

6. Kuporomoka, na upepo uliovuma

Chávez alifariki tarehe 5 Machi 2013, na Nicolás Maduro akamrithi. Katikati ya mwaka 2014 mafuta yaliuzwa kwa dola 100 hivi. Mwanzoni mwa 2016 yalikuwa chini ya dola 30. Akiba haikuwepo, mashamba hayakuwepo, na wataalamu walikuwa wameshaanza kuondoka. Serikali ikaziba pengo kwa kuchapisha noti. Benki Kuu yenyewe ilitoa takwimu kwamba mfumuko wa bei wa mwaka 2018 ulikuwa asilimia 130,060. Kati ya mwaka 2008 na 2021 sarafu ilifutwa sifuri mara tatu: kwanza tatu, kisha tano, kisha sita. Jumla sifuri 14. Pato la taifa lilipungua kwa karibu robo tatu katika miaka saba hivi, jambo ambalo ni nadra kuonekana katika nchi isiyo vitani.

Nyuma ya tarakimu hizo wako watu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Andrés Bello, kinachoendeshwa na Wajesuiti, kilishirikiana na vyuo vingine kupima hali ya maisha ya kaya. Katika utafiti wa mwaka 2017, asilimia 64 ya waliohojiwa walisema wamepungua uzito, kwa wastani wa kilo 11 hivi ndani ya mwaka mmoja. Malaria iliyokuwa imetokomezwa ilirudi, na mwaka huo huo wagonjwa zaidi ya 400,000 waliripotiwa. Machi 2019 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa siku kadhaa, hospitali zikiwemo.

Na vikwazo je? Agosti 2017 Marekani ilizuia serikali ya Venezuela kukopa upya katika masoko yake ya fedha. Januari 2019 iliweka vikwazo juu ya PDVSA yenyewe, ikiwa Marekani ndiye mnunuzi mkuu aliyelipa fedha taslimu. Nchi inayotegemea dola za mafuta kununua chakula na dawa haiwezi kufungiwa mlango huo bila maskini kuumia, na anayetetea vikwazo anapaswa kuutazama ukweli huo usoni. Lakini kufikia Agosti 2017 uchumi ulikuwa unasinyaa kwa mwaka wa nne, rafu zilikuwa tupu, na watu walikuwa wameanza kuvuka daraja la Simón Bolívar kuingia Kolombia. Upepo ulivuma kweli, tena kwa nguvu. Nguzo zilikuwa zimeliwa tayari.

7. Tunajifunza nini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapofundisha juu ya fadhila ya busara, anataja sehemu zinazoikamilisha. Tatu kati ya hizo zinaifaa habari hii.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Mwenye busara hukumbuka yaliyompata. Venezuela ilipata neema mwaka 1973 na ikalia mwaka 1983. Ilipopata neema ya pili, ilifanya yale yale kwa kiasi kikubwa zaidi.

Ya pili ni utayari wa kufundishika. Uslar Pietri alisema, Pérez Alfonzo alisema. Hawakuwa maadui wa taifa, walikuwa wanawe. Kiongozi anayemwita kila mwenye kuonya msaliti hujinyima macho ya pili. Hapa ndipo tunaiona maana ya kanuni ya auni, iliyoelezwa na Papa Pius XI katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931: chombo cha juu kisipore kazi ambayo wa chini wanaweza kuifanya wenyewe. Tumezoea kuifikiria kanuni hii kama suala la kugawana madaraka. Venezuela inatuonyesha kwamba ni suala la kuona pia. Mkulima, mhandisi, mhasibu, bunge na gazeti ni macho ya taifa. Ukiyafumba ili yasikusumbue, hutajua unakokwenda.

Ya tatu ni kuona mbele. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yosefu hakumshauri Farao awagawie watu ngano yote katika miaka ya shibe ili wampende. Alishauri itengwe sehemu moja ya tano kila mwaka. Na tuangalie vizuri: ushauri huo ulihitaji mfalme anayekubali kuambiwa na mfungwa, na ghala lenye mtunzaji mwaminifu. Ndoto peke yake isingewaokoa Wamisri.

Mafundisho ya Kanisa yanasema mali ya dunia imekusudiwa kwa watu wote. Mara nyingi tunawafikiria watu wote walioko leo. Lakini mtoto atakayezaliwa kisima kikiwa kimekauka naye ni mmoja wao. Kumla mtoto huyo riziki yake kabla hajazaliwa ni dhuluma, hata kama tunagawana kwa usawa sisi tuliopo.

8. Na kwetu?

Suala hili si la mbali. Uganda iligundua mafuta ya kibiashara katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyaleta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Tanzania ina gesi Songo Songo, Mnazi Bay na katika kina cha bahari kusini. Mwaka 2015 Bunge letu lilipitisha sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, inayoanzisha mfuko wake maalumu. Sheria ni ghala. Bado atahitajika mtunzaji, na watahitajika wananchi wa kuuliza.

Tabia ya kuuliza haianzii bungeni. Inaanzia nyumbani, pale mstaafu anapopokea kiinua mgongo na familia inakaa pamoja kupanga, badala ya kila ndugu kuja na shida yake mpaka kiishe. Inaanzia katika Jumuiya Ndogo Ndogo, pale mtunza hazina anaposoma mapato na matumizi, na anayeuliza swali haonekani mkorofi. Inaanzia seminarini pia. Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji tutakabidhiwa sadaka za watu maskini. Tusipozoea sasa kutoa hesabu ya kidogo, hatutaweza kuwafundisha wengine kutoa hesabu ya kikubwa.

Tuwakumbuke pia Wavenezuela wenyewe. Njaa ilipokuwa kali, maparokia yalipika sufuria za pamoja kwa msaada wa Caritas, na ng'ambo ya mpaka, Jimbo la Cúcuta nchini Kolombia lilifungua nyumba ya Maongozi ya Mungu iliyolisha maelfu ya wahamiaji kila siku. Tarehe 19 Oktoba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu daktari wao, José Gregorio Hernández, aliyefariki mwaka 1919 kwa kugongwa na gari akiwa amebeba dawa aliyotoka kumnunulia mgonjwa maskini. Nchi iliyokosa dawa hospitalini ilikuwa na mfano wa namna hii katika historia yake. Mtakatifu José Gregorio Hernández, utuombee.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika familia au jumuiya yetu, ni "mafuta" gani tunayoyala kana kwamba ni mavuno ya kila mwaka?

2. Mtu anayeuliza hesabu kati yetu hupokelewaje? Je, tumewahi kumnyamazisha?

3. Tukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kiongozi anayegawa leo na anayeweka akiba ya kesho, tunamchagua yupi, na kwa nini?

4. Soma Mwanzo 41:25-57. Ni nini kilimwezesha Farao kumsikiliza Yosefu?